Kwa Nini Tunahifadhi Kisha Tunasahau?

  

Ndugu wanafunzi, na ndugu wazazi wetu, mada ya makala hii imetokana na kosa letu wenyewe sisi walimu. Madrasa ilipofunguliwa baada ya likizo ya Idi, tulimsimamisha mwanafunzi mmoja mbele ya wenzake asome Surat An-Naba. Kabla ya likizo aliisoma yote bila kukosea, na sote tulimsifu. Siku ile alifika katikati akakwama. Akarudi mwanzo, akaja tena, akakwama palepale. Tukamwambia mbele ya darasa zima kwamba yeye ni mvivu, na kwamba likizo yote ameimaliza kwenye mpira. Hakujibu kitu.

Kesho yake hakuja chuoni, na keshokutwa hakuja. Tulipokwenda kwao kumuulizia, mama yake alitueleza kwamba mtoto huyo alikuwa akiketi na msahafu kila siku baada ya alfajiri, hata siku ya Idi yenyewe. "Anasoma, ustadhi," alisema, "lakini mwenyewe anasema kichwa chake kibovu."

Maneno hayo yalituingia. Mtoto alikuwa amefanya kazi, na bado sura ilikuwa imemponyoka. Basi kosa lilikuwa wapi? Tukaona ni wajibu wetu kutafuta wataalamu wanasema nini kuhusu ubongo unavyopokea tunayoyasikia na kuyaona, unavyoyatunza, na kwa nini huyapoteza. Tuliyoyapata tunayaeleza hapa kwa lugha nyepesi. Hatusemi kwamba haya ni tafsiri ya aya yoyote. Ni elimu ya kiumbe alivyoumbwa, na mwenye kuijua atasoma vizuri zaidi.

UBONGO UMEJENGWAJE?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu. Ni sehemu ndogo sana ya mwili, lakini hutumia takriban moja ya tano ya nguvu zote ambazo mwili unatumia ukiwa umepumzika. Ndani yake mna seli za fahamu zipatazo bilioni 86. Kama ungekaa kuzihesabu, seli moja kwa kila sekunde, usiku na mchana bila ya kulala, ungemaliza baada ya miaka zaidi ya 2,700.

Seli moja ya fahamu ina umbo kama la mti. Juu ina matawi mengi ya kupokea habari, katikati ina kiini chake, na chini ina mzizi mmoja mrefu wa kupeleka habari kwa wengine. Aliyezichora seli hizi kwa ustadi mkubwa ni daktari wa Hispania, Santiago Ramón y Cajal. Wakati wake wengi walidhani kwamba ubongo ni wavu mmoja ulioshikana. Yeye alisema hapana, kila seli imesimama peke yake, na baina ya seli na seli mna nafasi ndogo mno. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mtaliano Camillo Golgi. Jambo la kushangaza ni kwamba Golgi ndiye aliyegundua njia ya kuzitia seli rangi ili zionekane, lakini yeye mwenyewe hakukubaliana na Cajal.

Nafasi hiyo baina ya seli na seli huitwa sinapsi, na ndiyo roho ya maelezo yetu. Habari husafiri ndani ya seli kwa njia ya umeme mdogo. Katika mishipa minene ya fahamu huweza kwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde moja. Ikifika mwisho hukuta nafasi, kama msafiri aliyefika ukingoni mwa mto. Hapo seli humwaga kemikali maalumu, nayo huvuka kama ngalawa mpaka ng'ambo ya pili na kuiamsha seli inayofuata. Seli moja inaweza kuwa na vivuko vya namna hii maelfu kwa maelfu.

SAUTI NA HERUFI ZINAINGIAJE?

Hebu tuchukue mfano wa darasani. Mwalimu anatamka aya, nanyi mnamfuatisha. Sauti yake ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo hupiga ngozi ya sikio, ukapita kwenye vifupa vitatu vidogo, ukaingia katika kijumba kilichojikunja kama konokono. Ndani ya kijumba hicho mna maji na seli zenye vinywele. Sauti nyembamba huzitikisa zaidi seli zilizo karibu na mlango, na sauti nene huzitikisa zaidi zilizo mbali kule mwisho. Basi ubongo hujua aina ya sauti kwa kujua ni seli za mahali gani zilizoamka.

Je, unajuaje kama sauti ni kubwa au ndogo? Mwingereza Edgar Adrian, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alionyesha kwamba mpigo wa umeme katika mshipa wa fahamu hauongezeki ukubwa wake. Kinachoongezeka ni idadi ya mipigo kwa sekunde. Ni kama mtu anayebisha hodi: haubishi mlango kwa mkono mkubwa zaidi, bali anabisha mara nyingi zaidi. Kwa hiyo lugha ya ubongo ni ya namna mbili kwa pamoja: ni nani anayebisha, na anabisha mara ngapi.

Katika macho mambo yanakwenda vivyo hivyo. Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965, alieleza katika kitabu chake cha elimu ya kuona kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Wengi kabla yake walidhani kwamba jicho ndilo linalotoa miali. Karibu miaka elfu baadaye, David Hubel na Torsten Wiesel huko Marekani walichunguza seli za ubongo wa paka zinazohusika na kuona. Wakagundua kwamba kuna seli zinazoamka paka anapoonyeshwa mstari uliosimama, na nyingine zinazoamka kwa mstari uliolala au ulioinama. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Tazama sasa alifu na bee. Alifu imesimama, bee imelala na nukta yake chini. Hakuna seli moja inayoijua bee peke yake. Seli za mstari, za pindo na za nukta huamka pamoja, na kundi zima ndilo linalosema: hii ni bee. Ukiihamisha nukta juu na kuongeza ya pili, kundi linabadilika kidogo na herufi inakuwa tee. Ndiyo maana mtoto anayeanza huzichanganya. Hana upofu wala ujinga, ila makundi mawili yanayofanana bado hayajatengana vizuri.

Hapa pana jambo la kuzingatia kwa wazazi. Imethibiti kwamba mtoto mchanga wa miezi sita hutofautisha hata sauti za lugha asizozisikia nyumbani. Akikaribia mwaka mmoja, uwezo huo hupungua na masikio yake huegemea lugha ya wanaomlea. Mtu mzima anaweza kujifunza kutofautisha haa na hee, lakini kwa jasho zaidi. Mtoto anayesikia matamshi sahihi mapema ametanguliziwa safari.

KUMBUKUMBU INAKAA WAPI?

Wanavyuoni wa kale walilijadili swali hili. Ibn Sina (980–1037) aliitaja nguvu ya kuhifadhi kuwa ni mojawapo ya nguvu za ndani za mwanadamu, akaiweka upande wa nyuma wa ubongo. Hakupata jibu la mwisho, lakini alikuwa ameshaona kwamba kupokea ni kazi moja na kutunza ni kazi nyingine.

Ushahidi mkubwa ulikuja kwa njia ya msiba. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford nchini Marekani, kijana Henry Molaison alipasuliwa kichwa ili apone kifafa kikali. Daktari alimtoa sehemu za ndani pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya kile kinachoitwa hipokampasi. Jina hilo limetokana na samaki mdogo wa baharini mwenye kichwa kama cha farasi, kwa sababu maumbo yao yanafanana. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Henry hakuweza kuhifadhi jambo jipya. Alizungumza vizuri, aliukumbuka utoto wake, lakini mtu akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, Henry alimsalimia kama mgeni. Aliishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 2008.

Mtafiti Brenda Milner alimpa Henry kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Kila siku alichora vizuri zaidi, na kila siku alisema kwamba hajawahi kuifanya kazi hiyo. Mkono ulikumbuka, mwenyewe hakukumbuka. Tukafahamu kwamba kumbukumbu si ghala moja. Ipo ya matukio na maneno, ambayo huipita hipokampasi inapoingia, na ipo ya viungo, inayopita njia nyingine. Msomaji wa Qur'an huzitumia zote mbili: anajua anachosoma, na ulimi nao umezoea.

NJIA INAYOPITWA HUPANUKA

Sasa tufike kwenye kiini. Aya inapoingia kichwani, inakaa vipi? Haikai kama karatasi ndani ya kasha. Inakaa kama njia.

Fikiria kiwanja chenye majani. Mtu wa kwanza akikikata katikati, majani yanalala kidogo na kesho yanasimama tena. Wakipita watu kila siku, unaona mstari, halafu njia, na mwisho hata mgeni anaifuata usiku. Wakiacha kupita, majani yanarudi. Mwaka 1949 Donald Hebb wa Kanada alitoa fikra ya namna hii: seli moja ikishiriki mara kwa mara kuiamsha nyingine, kiungo baina yao huimarika. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walitangaza kwamba wamelishuhudia jambo hilo katika hipokampasi ya sungura. Waliamsha njia moja kwa mipigo mingi ya haraka, na vivuko vyake vikabaki na nguvu zaidi kwa saa nyingi.

Naye Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alimchunguza konokono mkubwa wa baharini mwenye seli za fahamu kiasi cha 20,000 tu. Aliona kwamba fundisho la mara moja hubadilisha kemikali za kivuko kwa muda mfupi, lakini fundisho linalorudiwa kwa kupishana na mapumziko huifanya seli iote vivuko vipya kabisa. Yaani kukumbuka kwa muda mrefu ni ujenzi wa kweli ndani ya mwili, na ujenzi unataka muda.

Kwa hiyo aya moja ni kundi la seli lililoshikana kwa vivuko vyenye nguvu, nalo limeshikana na kundi la aya inayofuata. Ndiyo maana mwalimu akikutajia neno moja tu, aya nzima inajitokeza. Umeamshiwa seli chache, nazo zimewaamsha jamaa zao.

Na ndiyo maana tunapotea kwenye aya zinazofanana. Chukua Surat Al-Kafirun, ambayo wengi wenu mliihifadhi mkiwa wadogo. Aya ya tatu na ya tano ni sawa neno kwa neno. Mtoto akiifikia aya hiyo anasimama kwenye njia panda: moja inakwenda aya ya nne, nyingine aya ya sita. Akichukua siyo, anazunguka duara au anaruka mpaka mwisho. Katika Surat Ar-Rahman aya moja imekuja mara 31, basi njia panda ni nyingi zaidi. Anayekosea hapo hajasahau kitu. Amechukua njia jirani. Dawa yake ni kuzisoma sehemu mbili hizo kwa pamoja na kuweka alama ya kinachofuata kila moja.

KWA NINI TUNASAHAU?

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885. Alihifadhi silabi zisizo na maana, kisha akapima anasahau kwa kasi gani. Alikuta kwamba sehemu kubwa hupotea mapema, ndani ya saa za mwanzo na siku ya kwanza, halafu kusahau kunapunguza mwendo. Lakini alikuta pia kwamba alichosahau, akikirudia, anakihifadhi kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Njia haijafutika yote.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Alikuwa akisoma kila siku, kwa nini amesahau? Tulimuuliza anasomaje. Alisema anafungua msahafu, anasoma kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho mara tano, kisha anafunga. Hapo ndipo tulipoliona tatizo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Kundi moja lilisoma na kusoma tena. Kundi la pili lilisoma, kisha likafunga na kujaribu kuandika linalokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi.

Anayetazama msahafu anashikwa mkono na macho yake. Anayeufunga na kuitafuta aya kichwani ndiye anayeipita njia kwa miguu yake mwenyewe. Mtoto wetu alifanya bidii ya kweli, lakini hakuna aliyemwambia afunge msahafu. Wa kumwambia tulikuwa sisi.

Usingizi nao una sehemu yake. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walieleza kwamba seli za hipokampasi ya panya zilizokuwa zikiamka pamoja alipokuwa akitembea ziliendelea kuamka pamoja alipolala baadaye. Ubongo uliolala unadurusu somo la mchana.

Jambo la mwisho ni hofu. Mtu akishikwa na woga mkali, mwili humwaga homoni zinazoweza kuzuia yale anayoyajua yasije. Mtoto anayesimamishwa mbele ya wenzake akitetemeka anaweza kukwama kwenye sura ambayo saa moja nyuma aliisoma. Kwa hiyo siku ile hatukupima hifdhi yake tu. Tulipima woga wake pia, kisha tukauita uvivu.

TUFANYE NINI?

Kwa wanafunzi:

1. Somo jipya lirudie siku ileile kabla ya kulala, kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Dakika kumi kwa siku sita ni bora kuliko saa nzima siku moja.

2. Soma ukitazama, kisha funga na usome kwa moyo. Ukikwama, usikimbilie kufungua. Jaribu kidogo kwanza, halafu tazama.

3. Msomee mtu: mwenzako, dada yako, babu. Mtu anayekusikiliza huona pengo ambalo mwenyewe hulioni.

4. Lala mapema. Kukesha ili uhifadhi ni kumwagilia bustani kwa ndoo iliyotoboka.

Kwa wazazi:

Msimuulize mtoto amefika juzuu ya ngapi tu. Muulizeni pia amedurusu nini leo. Mwombeni awasomee kidogo baada ya magharibi, hata kama wenyewe hamkuhifadhi. Shikeni msahafu mmfuatilie. Na wakati wa likizo msimwachie peke yake.

Kwa sisi walimu:

Tumekubaliana kwamba robo ya kila kipindi ni ya kudurusu ya zamani kabla ya kupokea jipya, na kwamba mwanafunzi husikilizwa pembeni, akiwa ameketi. Akikwama tunamtajia neno moja na kumsubiri.

Wala haya si mageni kwetu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuishika Qur'an kwa kuirejea, akaifananisha na ngamia aliyefungwa: mwenyewe akimwangalia anabaki, akimwachia anakwenda zake. Na tunajua kwamba Jibril (a.s.) alikuwa akidurusu naye kila Ramadhani, na mwaka wa mwisho wa uhai wake walidurusu mara mbili. Ikiwa yeye alikuwa akirejea, nani miongoni mwetu ataona haya kurejea?

Mwanafunzi yule alirudi. Tulimwomba radhi mbele ya darasa, kwa sababu tulimwaibisha mbele ya darasa. Alianza kudurusu kwa kufunga msahafu, akisikilizwa na dada yake mdogo, na baada ya wiki tano aliisoma Surat An-Naba yote. Katikati alisita kidogo palepale anapopajua, akavuta pumzi, akapita.

Basi mtoto akisema kichwa chake kibovu, tumwambie kwamba kichwa chake kizima, ila njia haijapitwa vya kutosha. Tumwombe Allah (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa, atukumbushe tuliyoyasahau, na awape walimu na wazazi subira. Wallahu a'alam.